Dumu Lililopaa

Tunduma ya leo hata genge la nyanya lina kamera. Ukiingia mjini kutoka Mpemba, ukayapita malori yaliyopanga foleni ya kuvukia Nakonde, inua macho juu ya milango ya maduka: vijicho vyeusi kila kona, na giza likiingia vinawaka vinukta vyekundu. Sababu tunazo. Kwetu hapa inapita shaba ya Kongo na Zambia ikishuka bandari ya Dar es Salaam, yanapita mafuta na magari ya IT, yale ya kupita tu kwenda nchi jirani, yakipanda, reli ya TAZARA nayo inakatiza pembeni tangu miaka ya sabini, na katikati ya misafara hiyo anapita kila aina ya binadamu, wengine wakiwa na haraka isiyoelezeka. Mwenye duka anataka kujua nani kaingia na katoka na nini. Haki yake.

Mimi ninazo nane. Nane, kwa duka moja la jumla na stoo yake. Na ninasema mbele ya wasomaji wote kwamba hazijawahi kuona wizi. Vingine vyote zinaviona. Zinamwona paka wa jirani akivuka ua kuanzia unyayo wa kwanza hadi ncha ya mkia. Zinaniona mimi nikijikuna mahali ambapo mtu wa heshima zangu hapaswi kujikuna. Zinamwona shemeji yangu akichukua soda kwenye friji, akafungua, akanywa, akarudisha chupa tupu kwenye kreti, yote laini, bila kukatika. Ila mkono wa mtu ukigusa mali, picha inaganda. Ikija kuzinduka, mali haipo.

Chukua lile dumu la mafuta ya kula, la lita 20. Jioni ile tulikuwa tunashusha mzigo, dumu limewekwa kibarazani, kamera namba tatu inalitazama moja kwa moja. Kwenye video anaonekana kijana mwenye kofia, anainama. Picha inaganda. Unasubiri. Picha inaruka, kijana yuko juu ya guta, dumu liko juu ya guta, na guta limeshageuka linatazama barabarani. Inaganda tena. Inaruka. Sasa kuna barabara, kuna mbwa mmoja, na basi.

Tulikaa kikao kuitazama video hiyo: mimi, mke wangu, shemeji, mwenyekiti wa mtaa na mzee wetu mlinzi. Mwenyekiti akaagiza, “Rudisha nyuma.” Tukarudisha. “Peleka mbele, taratibu.” Tukapeleka taratibu, na taratibu ile ile ikatuonyesha kilekile. Mwenyekiti akavua miwani. “Kwa ushahidi uliopo,” akasema, “hili dumu limepaa.”

Mzee mlinzi hakungoja zamu yake ya kuulizwa. Alinyoosha kidole kwenye kona ya picha, palipoandikwa 19:10. “Mnaona wenyewe. Saa moja na dakika kumi. Mimi lindo langu linaanza saa moja na nusu. Nilikuwa nyumbani nakula.”

Hapo ndipo tulipogundua kwamba hata saa ya mashine ilikuwa imevuka mpaka. Zambia wako nyuma yetu kwa saa nzima, na sisi tunaoishi huku tunajua simu zinavyofanya: umelala kitandani kwako, upande wa Tanzania, umelipa kodi zako zote, simu inalia ujumbe kwamba umekaribishwa Zambia, na saa yake inarudi nyuma yenyewe. Shemeji alikuwa ameipangia rikoda saa kutoka kwenye simu yake, akiwa amesimama karibu na ukuta wa nyuma, mahali ambapo mtandao wa ng’ambo unashika vizuri kuliko wa kwetu. Kwa hiyo saa 1:10 ya kwenye video ilikuwa saa 2:10 ya Tunduma, na mzee alikuwa lindoni, au alipaswa kuwa lindoni. Tulipomweleza alitutazama kwa huruma. “Mimi nasimamia kilichoandikwa,” akasema. Mtu amejitetea kwa saa za Zambia na sheria za kwetu, na mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mahakama zetu zinapokea ushahidi wa namna hii, lakini zinataka kujua umetengenezwa na kutunzwa namna gani, na kama unaaminika. Nilijaribu kuwaza nimesimama kizimbani Vwawa namweleza hakimu habari za ukuta wa nyuma. Nikaacha kuwaza.

Kuna jambo linaniudhi zaidi. Mwaka 1878, kule California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera mstari mmoja kandokando ya njia ya farasi ili kumaliza ubishi wa matajiri: je, farasi akikimbia kuna wakati miguu yake yote minne huwa hewani? Farasi akapita, kila kamera ikapiga picha yake moja, ubishi ukaisha. Ipo sekunde ndogo ambayo farasi anaelea. Huo ni mwaka 1878, umeme wa majumbani bado, kamera ni maboksi ya mbao na vioo. Sisi tuna kamera nane za rangi, na kijana wa guta, ambaye hata mbio hakukimbia, hatumpati mguu mmoja.

Sasa nimtaje vizuri shemeji, maana ndiye aliyenunua mitambo. Ni mdogo wake mke wangu, mtu wa Mbozi, alikuja kwetu kukaa siku mbili tatu wakati Songwe bado ni sehemu ya mkoa wa Mbeya. Mkoa umezaliwa mwaka 2016, umepata makao makuu Vwawa, umepangiwa wakuu wa mkoa mmoja baada ya mwingine, yeye yupo. Kazi yake katika maisha ni kupunguziwa bei. Fundi wa kwanza aliyefunga mitambo alitaja bei, shemeji akaikata katikati, fundi akacheka, wakapeana mikono. Mimi nilipoona fundi anacheka baada ya kukatwa bei nusu, roho ilisita. Lakini nani anamsikiliza mwenye duka?

Huyo fundi wa kwanza ndiye tuliyemwita baada ya dumu kupaa. Alifika na pikipiki, hakuvua hata helmeti, akasema, “Mzee, hiyo ni intaneti. Weka bando kubwa.” Tukaweka. Video ikaendelea kuganda, sasa kwa gharama kubwa zaidi. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba rikoda haina haja ya intaneti ili irekodi. Kamera iko juu ya mlango, waya uko ukutani, diski iko kabatini; safari yote ya picha inaanza na kuishia chini ya bati langu. Intaneti inaingia pale tu unapotaka kuchungulia dukani ukiwa mbali, kwa simu, na hata hapo kinachohesabika ni kasi ya kupandisha, ambayo kwenye ruta zetu za laini huwa ndogo kuliko ile ya kushusha mnayotangaziwa. Kuinunulia rikoda bando ili irekodi vizuri ni sadaka kwa kampuni ya simu.

Fundi wa pili hakugusa intaneti. Yeye alisimama katikati ya duka, akaziangalia kamera zote kwa masikitiko ya msibani, akasema hizi zimepitwa na wakati, tuweke za megapikseli nane. Alikuwa nazo kwenye begi, zote. Shemeji alianza kupunguza bei papo hapo. Mimi nikauliza swali dogo: picha ikiwa kubwa zaidi, si itakuwa na mzigo zaidi wa kupitisha kwenye njia ileile? Fundi akasema hapana, ni teknolojia. Jamani, sisi ni watu wa Tunduma. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019, marais wawili wakasimama pale, Magufuli wa kwetu na Lungu wa kwao, na bado tunajua foleni ni nini. Geti likizidiwa na malori madogo, huliponyi kwa kuleta malori marefu. Nilimsindikiza fundi hadi mlangoni na begi lake.

Wa tatu alifungua boksi la rikoda, akapuliza kwa mdomo, akafunga, akadai pesa ya kufungulia. Sina la kuongeza juu yake.

Wa nne alikuwa binti. Mke wangu alimpata kupitia kwa shangazi zake wa Mlowo, na shemeji alinuna tangu aliposikia. Binti alikuja na begi la mgongoni, bisibisi, na kipimo cha umeme, akaamkia watu wote mpaka mzee mlinzi, kisha akafanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya: akakaa kwenye kiti na kutazama.

“Baba, nionyesheni kwanza ya moja kwa moja, siyo iliyorekodiwa.” Tukamwashia televisheni ya kaunta. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, na picha zikapita laini tu. Akatutaka tufungue iliyorekodiwa dakika kumi nyuma. Ikakwama. Akatikisa kichwa. Akafungua ya kwenye simu ya mke wangu, nayo ikakwama, ila kwa namna yake. Alichokuwa anafanya nilikielewa baada ya muda, na nakieleza hapa ili wenzangu wasiendelee kuliwa pesa. Kama ya moja kwa moja dukani ni laini na iliyorekodiwa inakwama, kamera haina hatia, tafuta kwenye diski na mipangilio. Kama zote mbili ni laini na simu peke yake ndiyo inasumbua, ndipo umlaumu mtu wa mtandao. Na kama hata ya moja kwa moja inakwama, panda juu, fuata waya na umeme. Dakika tano, bila kununua kitu. Kwa nini hao watatu hawakuifanya? Kwa sababu kutazama hakuna bei. Kila mmoja aliiona hitilafu mahali palepale anapouzia.

Akatufundisha pia kutofautisha vilema viwili. Kuna video inayochechemea: mtu anatembea kwa vihatuahatua, lakini yupo muda wote. Hiyo ni fremu chache. Na kuna inayoganda kisha inaruka: mtu alikuwa mlangoni, mara yuko barabarani. Hiyo ni picha zilizopotea. “Yenu, baba,” akasema kwa adabu zote, “inavyo vyote viwili.”

Alianza na cha kwanza. Akaingia kwenye mipangilio, akakuta kila kamera imepangiwa fremu nne kwa sekunde. Kumbe kawaida ya mitambo ya kwetu ni 25, kwa sababu viwango hivi vilifuata umeme, na umeme wetu ni wa hetsi 50. Rikoda yenyewe ilikuwa imewekwa kwenye mpango wa Kimarekani wa hetsi 60, ndiyo maana chini ya taa za tyubu stoo yangu ilikuwa inatetemeka mithili ya nyumba yenye mashetani. Akairudisha Tanzania kwa kubonyeza mara moja. Halafu akauliza nani aliamuru fremu nne.

Kimya. Shemeji alikuwa anatazama dari.

Ilikuwa hivi. Shemeji alitaka rikoda itunze mwezi mzima, na alitaka itunze kwenye diski ya terabaiti moja, kwa sababu ya terabaiti sita ilikuwa ghali. Binti akachukua kalamu, akaandika nyuma ya kitabu changu cha madeni. Kamera moja ikipeleka megabiti nne kwa sekunde ni nusu megabaiti kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Hiyo ni gigabaiti 43 kwa siku, kamera moja. Kamera nane, gigabaiti 345 na ushee. Terabaiti moja haimalizi siku tatu. Ili ifike mwezi, fundi wa kwanza alibana kila kamera hadi chini ya sehemu ya kumi ya chakula chake. Hakubisha, hakueleza. Fundi wa mtindo ule akipunguziwa bei, naye hupunguza anachojua yeye.

Kilema cha pili kilikuwa ndani ya kabati. Rikoda ilikaa nyuma ya magunia ya sembe, matundu yake ya hewa yamezibwa na unga, na ndani yake mlikuwa na diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya ofisini. Bado ilikuwa na kibandiko cha orodha ya vifaa. Diski ya kompyuta imezoea mtu anayeandika barua, akanywa chai, akarudi. Ya kamera inaandika usiku na mchana, haipumziki hata Iddi. Na zina tabia tofauti: ya kompyuta ikikuta sehemu mbovu inang’ang’ania, inajaribu tena na tena isije ikaharibu barua ya bosi, na sekunde zinapita wakati picha mpya zinakosa pa kuandikwa. Ya kamera ikikuta ubovu inaruka, inaendelea mbele. Kwa hiyo wakati kijana anainama kuchukua dumu langu, diski ilikuwa mahali fulani inang’ang’ana kuokoa alama yake moja iliyooza.

Nikadhani tumemaliza. Binti akasema tusubiri jioni, maana dumu liliondoka usiku. Akapewa chai na maandazi, akangoja. Na kweli, giza lilipoingia na vile vinukta vyekundu vilipowaka, hata picha ya moja kwa moja ikaanza kutapatapa. Kamera za usiku zinawasha taa zake za infraredi, na taa zinakula umeme zaidi. Binti alipima kwenye adapta: volti 12, safi. Akapanda ngazi, akapima kamera namba tatu: tisa na kidogo. Volti zilizobaki zilikuwa zimefia njiani. Waya ulikuwa wa alumini uliopakwa shaba kwa nje, mwembamba, umeungwa katikati ya paa kwa tepu nyeusi, na kiungo kimepata kutu ya masika yaliyopita. Adapta yenyewe ilikuwa moja kwa kamera zote nane. Kamera ikikosa nguvu inazimika, inajiwasha, inazimika. Na jirani yangu wa mashine ya kuchomelea mageti, ambaye anapenda kazi za jioni kwa sababu ya ubaridi, kila akigusisha fimbo yake kwenye chuma, televisheni yangu inamwitikia.

Na si hayo tu. Gizani picha inajaa chengachenga, na mitambo hii inabana video kwa kutunza kile kilichobadilika tu. Chenga zikicheza kila mahali, kila kitu kimebadilika, mzigo unavimba wakati ule ule umeme unaponyong’onyea. Ongeza kumbikumbi wanaopita mbele ya kamera. Ongeza buibui. Binti alitupitisha kwenye kumbukumbu za “tukio limetokea”, usiku baada ya usiku, na tukio lilikuwa buibui mmoja mnene akitembea mbele ya kioo cha kamera namba sita. Mke wangu anasema amemjua sasa hata tabia.

Kazi ikafanyika. Waya wa shaba kweli, adapta mbili, viungo vimewekwa kwenye viboksi, rikoda imehamishwa juu mbali na sembe, diski mpya ya kamera. Binti alishauri fremu 12 hadi 15, akasema kwa duka zinatosha kabisa kuona sura na mkono, na diski itapumua. Akashauri pia ya terabaiti sita. Shemeji, aliyekuwa kimya tangu mchana, ndipo alipopata sauti. Diski, akasema, moja inatosha, na akapunguziwa. Fremu, akasema, mashine imeandikwa 25, pesa ya 25 imetoka, hatuwezi kununua 25 tukatumia 12. Binti alinitazama. Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama televisheni. Zikawekwa 25.

Sasa picha ni laini, sikatai. Unamwona nzi akitua kwenye gunia la sukari. Na habari zimesambaa mtaani, kwa hiyo nimegeuka ofisi. Huyu amepotelewa na kuku, yule anataka kujua bodaboda gani ilimshusha mumewe na saa ngapi. Nawaambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, siwezi kumfungulia kila mtu sura za watu. Wanaitikia vizuri na kuvuta kiti. Mwenyekiti naye alikuja Jumatatu, na barua yenye muhuri, amefuatana na mama mmoja aliyeibiwa jiko la gesi mbele ya geti langu.

“Lini, mama?”

“Alhamisi. Nilikuwa msibani Ileje, ndiyo nimerudi.”

Shemeji akafungua rikoda. Ilianzia Ijumaa usiku. Alhamisi ilikuwa imeshajifuta, kumpisha nzi.

Mwenyekiti alikunja barua yake mara mbili, akaiweka mfukoni. “Ile ya zamani,” akauliza, “si ilikuwa inatunza mwezi?”

“Mwezi mzima,” shemeji akasema.

“Basi afadhali ile. Ilikuwa inapaisha vitu, lakini mtu ulikuwa unajua vimepaa tarehe ngapi.”

Mama akaafiki. Mzee mlinzi, ambaye hakuna aliyemwuliza, akaafiki zaidi. Na shemeji akatoa simu, akaelekea ukuta wa nyuma, kumpigia yule fundi wa kwanza.